Maswali ya wasomaji: risiva ya mbele ya pikapu, inachobeba na inachokataa

Safari hii maswali karibu yote yameangukia kitu kimoja, risiva ya mbele. Kwa ambao hawajakutana nayo, ni lile bomba fupi la chuma la pembe nne linalofungwa kwenye chesisi chini ya bampa la mbele, unachomeka kifaa unachotaka, unapitisha pini ubavuni, unaweka klipu, kazi imeanza. Ya nyuma tumeizoea kwa kuvuta tela. Ya mbele wengi wanaichukulia kama pacha wa ile ya nyuma, na hapo ndipo shida nyingi nilizosoma kwenye barua zenu zinapoanzia. Barua ndefu nimezifupisha, ila maana yake sijaigusa.

*Habari fundi. Nina pikapu ya dabo kebini, wenzangu wamefunga risiva mbele nami naitamani. Gari langu litakubali? Na saizi gani nichukue?*

Njema kaka. Anza kwa kulala chini ya gari na tochi kabla hujatoa hela. Pikapu nyingi zina chesisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma inayokuja hadi nyuma ya bampa la mbele, na risiva nzuri inashika mihimili yote miwili, mara nyingi kwenye matundu ambayo kiwanda kilishayaacha, yale ya kufungia ndoano za kuvutia gari. Tafuta iliyotengenezwa kwa modeli yako na mwaka wako. Hizi zinazouzwa kwamba zinaingia gari lolote mimi sizipendi, manake mwisho wa siku fundi anatoboa huku na kule ili matundu yakutane na chesisi inabaki na majeraha.

Saizi chukua ya inchi 2, yaani upana wa ndani kama milimita 51, pini yake inchi 5/8 ambayo ni karibu milimita 16. Kuna ndogo ya inchi moja na robo inayotumia pini ya nusu inchi, hiyo kwa pikapu naona haifai. Na kama nyuma tayari una ya inchi 2 basi mbele weka hiyohiyo, vifaa viweze kuhama.

Sasa kibandiko. Kila risiva ya maana ina kibandiko cha uwezo, na cha mbele kinataja vitu viwili tofauti: nguvu ya kuvuta mstari ulionyooka, na uzito wa kukandamiza kwenda chini. Risiva nyingi za mbele za inchi 2 utakuta zimeandikwa pauni 9,000 za kuvuta kunyooka, kama kilo 4,080 hivi, lakini za kukandamiza ni pauni 500 tu, yaani kilo 227. Watu wanasoma ile namba kubwa wanafurahi, ile ndogo hawaioni kabisa, halafu wanaweka mzigo juu. Soma ya kwako maana zinatofautiana, na ukumbuke uwezo wa mfumo mzima ni uwezo wa kitu dhaifu kuliko vyote pale, iwe pini, boli (lile tufe la chuma linaloshika tela), mkono wa chuma unaochomekwa risivani au chesisi yenyewe.

Kabla hujalipia angalia pia kama risiva haizibi sensa za kuegeshea, rada ya mbele kama gari ni la kisasa, namba ya gari, na kile kifuniko cha chini unachofungua ukimwaga oili. Na uulize kama itabidi ndoano zako za kiwandani zitoke. Ukishafunga, endesha kidogo, halafu rudi na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, uzikaze bolti upya kwa kipimo cha kwenye karatasi ya maelekezo. Watu wanaruka hii hatua sana, wakati bolti mpya zikishapata mtikisiko hua zinalegea kidogo.

*Shikamoo fundi. Nina boti ndogo ya kuvulia kwenye tela. Kuirudisha nyuma majini kunanitesa, inakwenda kokote isipokuwa ninapotaka. Rafiki ananiambia niisukume kwa mbele ntaiona vizuri. Ni kweli, na usukani unageuzwaje?*

Marahaba. Ni kweli, na kwa kweli hii ndio kazi ambayo risiva ya mbele inaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, mimi ningemshauri yeyote mwenye boti aifikirie. Barabarani unavuta tela kwa nyuma kama kawaida, ukifika eneo la kushushia boti unatafuta sehemu tambarare, unaweka vizuizi kwenye matairi ya tela, unalifungua, unageuza gari, unalifunga mbele. Hapo tela liko mbele ya macho yako na shingo haizunguki.

Usukani ndo penyewe. Boli sasa iko mbele ya matairi yanayokata kona, kwa hiyo ukigusa usukani tu pua ya gari inahama na tela linajibu palepale, wakati kwa nyuma kuna kuchelewa kidogo kunakokufanya uzidishe halafu urudishe halafu uzidishe tena. Ukikata kulia pua inaenda kulia na mkia wa tela unaenda kushoto. Kama kichwa kinachanganya, shika usukani sehemu ya chini kabisa kwa mkono mmoja, ukiupeleka mkono kushoto mkia wa tela utaenda kushoto, ukiupeleka kulia nao utaenda kulia. Mguso mdogo mdogo, mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona tela linaanza kukunja sana simama, rudi nyuma kidogo linyooke, endelea, usijaribu kulinyoosha huku unasukuma kwa sababu likikunja linakunja haraka na mkono wa tela unakuja kugonga bampa au taa.

Faida ya pili ni kwamba nyuma ya gari inabaki juu, ekzosi haiingii majini na difu ya nyuma hailowi, na matairi ya nyuma yanakanyaga pakavu badala ya ule utelezi wa kijani. Ila hapa nataka unisikilize vizuri maana watu wanasifia upande mmoja tu. Gari limeelekea chini kwenye mteremko, uzito wote umeinamia mbele, juu yake tela nalo linakandamiza boli ya mbele, hivyo matairi ya nyuma yanakuwa mepesi. Wakati wa kutoka unapanda kwa rivasi, na kama pikapu yako inasukumwa na matairi ya nyuma peke yake, hayo mepesi ndio yanafanya kazi yote. Pakavu inasaidia sana lakini wepesi unaondoa sehemu ya msaada huo. Kama una 4x4 weka ile iliyoandikwa 4L na upande taratibu, hapo matairi manne yanagawana. Kama huna, jaribu kwanza na tela tupu bila boti kwenye mteremko huohuo, ujue gari linapanda au linasugua.

Hendibreki nayo. Kwenye pikapu nyingi inashika matairi ya nyuma, yale yale mepesi. Usiitegemee peke yake. Weka vizuizi vya matairi, na kwa kuwa gari linatazama chini vizuizi vinakaa mbele ya tairi, sio nyuma kama ulivyozoea. Nimeona mtu anaweka nyuma kwa mazoea tu, havikuwa vinazuia chochote.

Mengine ya haraka: pua ya boti iko upande wa boneti, hakikisha mteremko ukibadilika haiji kuigonga. Tela likae sawasawa, kama risiva yako iko juu sana tafuta mkono wa kushusha boli. Boli iwe saizi ya kichwa cha tela, kuna za milimita 50 na kuna za inchi 2 ambazo ni milimita 50.8, zinafanana kwa macho ila sio kitu kimoja, ndogo kwenye kichwa cha kubwa inacheza na inaweza kuruka. Minyororo ya usalama funga hata kama ni mita ishirini. Na boti likiwa kubwa linaziba kila kitu mbele, hapo ile faida ya kuona inapungua, mtu asimame pembeni akuelekeze, pembeni nasema, asisimame kati ya tela na maji.

*Kaka, tulikwama topeni, mwenzetu akafunga mkanda kwenye boli ya tela iliyokuwa kwenye risiva yangu ya mbele, akavuta kwa kuchukua kasi, tukatoka salama. Mke wangu alikuwa pembeni akasema hapendi kabisa ile kitu. Mimi nasema si imetoka? Nani yuko sahihi?*

Shemeji yuko sahihi, na naomba umwambie hivyo.

Boli ya tela imetengenezwa kwa uzito unaokaa juu yake na mvuto wa taratibu. Shingo yake ni nyembamba. Mnapochukua kasi halafu mkanda ukakaza ghafla, nguvu inayopita pale sio uzito wa gari tena, inaweza kuwa mara kadhaa ya mvuto wa kawaida, na kama tope limeshika matairi hadi ekseli inazidi. Boli ikikatika shingoni inaruka ikiwa na nguvu yote iliyokuwa imejaa kwenye mkanda. Inapita kioo cha mbele. Watu wamekufa kwa namna hii, wengine wakiwa wamekaa ndani ya gari wakidhani ndani ndo salama. Kutoka salama mara moja hakukuambii chochote kuhusu ile boli, manake hata ufa unaweza kuwa umeanza na huuoni. Hiyo boli mimi ningeitoa nisiitumie tena hata kwa tela.

Kitu sahihi cha kuchomeka kwenye risiva kwa kazi hii ni kile kipande cha chuma chenye shakeli mbele yake, yaani kikuku cha chuma kinachofungwa kwa pini. Kinaingia kama mkono wa boli, kinashikwa na pini ileile ya inchi 5/8, na mkanda unaingia kwenye shakeli. Shakeli ya inchi 3/4 yenye jina la maana imepigwa muhuri tani 4.75, kama haina muhuri wowote iache dukani. Na usipitishe kitanzi cha mkanda ndani ya bomba la risiva ukakishika na pini, najua wengi wanafanya, lakini pini inavutwa katikati inapinda, na ikishapinda haitoki, mtaanza kupiga nyundo hadi usiku, juu ya hapo kingo za bomba zinakata mkanda.

Kamba nazo ni tofauti. Ile ya kunyumbuka, ya nailoni, imetengenezwa kwa ajili ya kuvuta kwa kasi kidogo, inarefuka halafu inarudi na kulitoa gari bila pigo kali. Mkanda wa poliesta hauvutiki hivyo, huo ni wa kuvuta taratibu, ukauchukulia kasi unapiga gari zote mbili. Mnyororo haunyumbuki hata kidogo, usiuchukulie kasi kabisa. Na mkanda wenye ndoano za chuma mwishoni sitaki hata kuuona kwenye kazi ya kunasua gari, ndoano ikichomoka ni risasi.

Kabla ya yote hayo chimbeni. Toeni tope mbele ya matairi, punguzeni upepo, wekeni mbao au mawe. Nusu ya magari yanayovutwa kwa fujo yangetoka kwa koleo na subira. Halafu vuteni kwa mstari ulionyooka, kwa sababu risiva imechomoza katikati ya gari na ukiivuta kwa ubavu unaipinda yenyewe na kuta za chesisi zilizoshikilia zile bolti. Watu wote wasogee mbali, zaidi ya urefu wa kamba na nusu yake tena, asisimame yeyote usawa wa kamba, na asiruke mtu kamba iliyokaza hata kama anakimbilia kitu. Watoto wawe mbali zaidi ya hapo, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe hao watoto tu.

Mpe shemeji pole kwa kutosikilizwa.

*Nataka winchi ya kuhamisha, niweze kuitumia mbele na nyuma kwenye risiva. Nimepata ya pauni 12,000. Ni sawa?*

Wazo la kuhamisha winchi, ile mashine ya umeme inayovuta kwa kamba, ni zuri, maana mara nyingi ukikwama njia ya kutoka ni ile uliyoingilia, yaani nyuma, na winchi iliyofungwa mbele moja kwa moja haikusaidii kitu hapo.

Namba ndo tuiangalie. Kawaida ya winchi ni mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa. Pikapu yenye uzito kamili wa kilo 3,000 inataka winchi ya kama kilo 4,500, karibu pauni 9,900. Wewe ya 12,000 inazidi hapo, vizuri, lakini je risiva yako? Kama kibandiko kinasema 9,000, una mashine yenye uwezo wa kung'oa kile ilichofungiwa. Winchi haijui kibandiko, ikikwama inaendelea kuvuta. Mimi ningechukua winchi isiyozidi risiva, halafu nikanunua kapi.

Kapi inasaidia hivi: unapeleka kamba hadi kwenye mti au gari jingine, inapita kwenye kapi, inarudi kwako, nguvu inakuwa karibu mara mbili na mwendo unashuka nusu. Ila mwisho wa kamba unaporudi usiufunge kwenye kiti cha winchi kilekile kilichochomekwa risivani, maana risiva itabeba mistari yote miwili na hujapunguza kitu, na winchi ikivuta kwa nguvu zake zote umeiongezea. Ufunge kwenye ndoano ya chesisi pembeni. Ndo maana huko juu nilisema uliza kama ndoano za kiwandani zitatoka.

Ule uwezo ulioandikwa kwenye winchi ni kwa tabaka la kwanza la kamba kwenye pipa lake, kadri matabaka yanavyopandana nguvu inapungua, hivyo toa kamba ndefu uwezavyo kabla ya kuvuta. Lakini sio yote: kwa waya wa chuma mizunguko mitano ibaki kwenye pipa, kwa kamba ya sintetiki acha minane hadi kumi kwa kuwa inateleza. Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairuki kwa ukali kama waya, mimi naipendelea, ila jua na mawe makali vinaila, ifunike. Waya wa chuma unataka glavu za ngozi na kitu kizito cha kulaza juu yake katikati, koti zito au blanketi lililolowa linafaa kama huna kile cha dukani.

Kiti cha winchi kinashikiliwa na mkono mmoja wa chuma ndani ya bomba moja. Mvuto wa ubavu unaugeuza ule mkono kuwa mtaimbo dhidi ya risiva yako, kwa hiyo geuza gari kwanza litazame mti ndipo uvute, au hamisha kapi mpaka mstari unyooke.

Umeme usiudharau. Winchi ya hivi ikizidiwa inakula ampea mia kadhaa, nyaya ziwe nene kweli, plagi za kuchomeka haraka ziwe za kiwango hicho, na kuwe na fyuzi au kikata umeme karibu na betri. Nyaya za kwenda nyuma zipite ndani ya chesisi mbali na ekzosi. Injini iwe inanguruma, vuta kidogo, pumzisha mota, vuta tena. Na ukimaliza itoe, pamoja na kiti chake inapita kilo 40 kirahisi, hakuna sababu ya kuibeba puani kila siku ikipigwa na vumbi na maji.

*Mimi ni dada ninayesafiri na mizigo mingi. Nimeweka kikapu cha chuma kwenye risiva ya mbele, jenereta na madumu ya petroli. Sasa nikipanda mlima mshale wa joto unapanda, na usukani umebadilika. Ni rejeta?*

Dada kabla ya kitu kingine chochote, leo hii, toa madumu ya petroli pale mbele. Hiyo ndio sehemu inayogonga kwanza. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho, hilo halisubiri.

Joto linawezekana sana ni mzigo wenyewe. Umesimamisha ukuta mbele ya shoo ya gari, upepo haufiki kwenye rejeta wala kwenye kondensa ya AC, ukiwa tambarare unavumilika, ukipanda mlima injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo na hewa hamna. Toa kikapu upande mlima uleule. Mshale ukitulia umepata jibu, usipotulia ndipo umuone fundi kwa rejeta, thamostati na feni.

Usukani sasa. Mzigo ulio mbele ya ekseli ya mbele unakandamiza kuliko uzito wake wenyewe. Chukua kilo 200, ziweke mita moja mbele ya ekseli kwenye gari ambalo umbali wa ekseli na ekseli ni mita 3.2. Ekseli ya mbele haiongezewi 200, inaongezewa kama 262, na zile 62 zinatolewa nyuma. Kwa hiyo mbele springi zimelala, nyuma pamekuwa pepesi, breki zinabadilika, kwenye mvua au changarawe mkia unaweza kukutoka. Kwenye kibandiko cha mlangoni kuna uzito ambao ekseli ya mbele inaruhusiwa, na pikapu yenye injini ya dizeli huwa tayari imeukaribia kabla hujaweka hata begi. Na ile kilo 227 ya risiva uihesabu pamoja na uzito wa kikapu chenyewe.

Jenereta irudi kwenye bodi, karibu na kebini, mbele ya ekseli ya nyuma, pale ndio gari lilipotengenezwa kubebea. Kikapu cha mbele kibaki kwa vitu vyepesi na vifupi, visivyofika kwenye taa wala kwenye usawa wa shoo: mahema, maturubai, mikeka. Baiskeli moja kwa safari fupi sawa, ila angalia tairi lake lisizibe taa na usiku usiendeshe hivyo.

*Risiva yangu ya nyuma imepinda. Naweza kuvuta tela kwa mbele kwa rivasi, kilomita chache tu hadi nyumbani?*

Hapana. Kwa rivasi matairi yanayokata kona yanakuwa nyuma ya mwendo, gari linayumba ukizidisha mwendo kidogo, tela halina taa zinazoeleweka kwa wengine, na wewe umegeuza shingo hivyo huoni tela wala boneti. Kulisukuma mbele barabarani ni vibaya zaidi. Liache tela mahali salama, tafuta gari jingine la kulivuta.

*Fundi wangu anasema kununua ni kupoteza hela, atachukua bomba la pembe nne achomelee kwenye chesisi. Anajua kuchomelea kweli. Nikubali?*

Sina shaka na mkono wake, shaka yangu ni chuma. Chesisi za pikapu za miaka ya karibuni nyingi zimetengenezwa kwa chuma cha nguvu kilichopitishwa joto na mikunjo ya kiwandani kwa vipimo, na moto wa kuchomelea unakilainisha pembeni mwa mshono. Huoni kitu, mshono unang'aa, halafu miezi inapita ufa unatokea sentimita mbili kutoka pale. Ndio maana zile za kununua zinafungwa kwa bolti. Na pale mbele ndipo gari linapokunjika kukulinda ukigonga, sensa za eabegi ziko jirani, bomba gumu lililochomelewa linaweza kubadilisha namna pigo linavyofika ndani.

Kama modeli yako haina ya kununua kabisa, basi fundi atengeneze sahani nene mbili zinazofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, bolti za daraja 10.9, na bomba likachomelewe kwenye hizo sahani zikiwa chini benchi, mbali na gari. Hapo mkono wake mzuri utapata kazi inayoustahili. Hata hivyo itumie kwa kazi ndogo, kusogeza tela uwanjani, jiliwa la kushikia kazi, sio winchi wala kunasua gari, kwa sababu haina kibandiko na hakuna aliyeipima.

*Boli nimeiacha kwenye risiva ya mbele tangu masika, sasa haitoki kabisa. Pini imetoka ila mkono umeganda.*

Ni kutu na tope, mbele panapigwa na kila kitu ambacho matairi ya gari lililo mbele yako yanarusha. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mwanya wa mbele, na kwa nyuma pia kama bomba liko wazi, na kwenye tundu la pini, acha usiku kucha, rudia asubuhi. Halafu gonga bomba kwa pembeni, kuta zake zote nne, kwa nyundo ya wastani, unaitikisa kutu sio unapiga boli. Ndipo ugonge mkono wenyewe kulia na kushoto, juu na chini, hadi uone unacheza hata kidogo. Ukicheza umeshinda, ni kuvuta huku unautikisa. Usiufunge kwenye gari jingine ukauchomoa kwa kasi, hiyo ni barua ya tatu hapo juu inarudi upya. Na moto usitumie, nyaya na mabomba ya rejeta yako hapohapo nyuma.

Ikitoka sugua ndani ya bomba kwa brashi ya waya, kausha, paka grisi nyepesi sana, ziba na kile kifuniko cha plastiki. Na kuanzia hapo boli ikimaliza kazi itoke, inachomoza mbele ya bampa usawa wa mguu wa mtu, atakayepita usiku ataipiga na ugoko, na ukimgusa mtu au gari la mbele hata kwa mwendo mdogo inaingia kabla ya bampa. Pini na klipu viweke kwenye kimfuko kimoja nyuma ya siti, klipu ya akiba iwemo, maana ile ndogo ndio inayopotea kila mara.